Na Sisi Tulikuwa Wapi? Safari Yangu ya Magofu ya Kilifi na Malindi



Wahenga walisema, tembea uone. Lakini mtu aweza kutembea mbali sana na asikione kilicho mlangoni pake. Mimi ni mmoja wa watu wa namna hiyo. Nalizaliwa karibu na Kilifi, nikafundisha katika shule za msingi za pwani yetu kwa miaka 31, na katika maisha yangu nimefika Nairobi, Kisumu na hata Dodoma. Lakini magofu ya kale yaliyo karibu na kwetu nilikuwa nikiyapita tu, kama mtu apitavyo kichuguu kilicho kando ya njia.

Ilitokea katika likizo ya mwezi wa Agosti. Mjukuu wangu, binti wa miaka 11, alinijia barazani na daftari lake la shule, akaniuliza, “Babu, ni nani aliyejenga mji wa Gedi?” Mimi nilikuwa nasoma gazeti, wala sikuinua kichwa. Nikamjibu, “Waarabu.” Akaandika. Kisha akaisimamisha kalamu, akauliza tena, “Na sisi tulikuwa wapi?” Nikamwambia, “Sisi tulikuwa porini.” Hilo nalo akaliandika.

Usiku, watu walipokwisha lala, nililiona daftari lile mezani, nikalifungua. Mwalimu hata akistaafu haachi desturi ya kusahihisha madaftari. Nikakuta imeandikwa kwa mwandiko mzuri: “Mji wa Gedi ulijengwa na Waarabu. Sisi tulikuwa porini.” Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, lakini nilipoyaona katika mkono wa mtoto yalinichoma. Nikajiuliza, je, nimeyajuaje haya? Nani aliyeniambia? Nikakumbuka kuwa nami nalifundishwa hivyo hivyo nilipokuwa mdogo, nikawafundisha wengine hivyo hivyo kwa miaka 31, wala sikupata kwenda kutazama hata siku moja. Mamia ya watoto wamepita mikononi mwangu, na kila mmoja amekwenda zake na neno lile.

Asubuhi nikamwambia mjukuu wangu, “Usimpe mwalimu wako daftari hilo bado. Jibu nililokupa silo. Au huenda likawa silo. Tutakwenda tukalitafute.” Akafurahi mno, nasi tukafunga safari ya siku nne.

Mnarani

Siku ya kwanza hatukwenda mbali. Tulivuka daraja la Kilifi, tukashuka upande wa kusini. Nilimwonyesha mjukuu wangu mahali ilipokuwa ikisimama feri katika ujana wangu, maana daraja hili lilifunguliwa mwaka 1991, na kabla ya hapo kila mtu aliyetoka Mombasa kwenda Malindi alikuwa hana budi kungoja feri. Mara ngapi nilingoja pale saa nzima, nikila korosho na kutazama maji, na juu yangu kilimani mji mzima wa kale umesimama, nami sikupanda kuutazama!

Safari hii tulipanda ngazi. Juu kabisa, kwenye ukingo wa mwamba unaotazama hori, pana misikiti miwili iliyobomoka, makaburi, na kisima kirefu. Miongoni mwa makaburi yale liko moja lenye mnara mrefu wa mawe, na mahali penyewe ndipo paitwapo Mnarani. Mibuyu mikubwa imeota pale, mingine minene hata watu kadhaa wakishikana mikono hawaizunguki. Mji huu ulikaliwa tangu karne ya 14 hata mwanzo wa karne ya 17, ndipo ukaachwa. Mtaalamu Mwingereza James Kirkman aliuchimba mwaka 1954.

Kilichonivuta zaidi ni mihrabu ya msikiti mkubwa. Mawe yake yamechongwa maandishi ya Kiarabu, herufi zimepindana na kusukana kama mkeka wa ukindu. Mjukuu wangu akasema, “Babu, si unaona? Ni Kiarabu. Basi ni Waarabu.” Nikafikiri kidogo, kisha nikamwuliza, “Kanisa la Mzungu pale mjini limeandikwa maneno ya lugha gani?” Akasema, “Kiingereza.” Nikamwuliza, “Na nani aliyelijenga?” Akacheka, akasema, “Mafundi wa hapa; na wanaosali ndani ni watu wa kwetu.” Nikamwambia, “Basi maandishi yatuonyesha dini ya watu wale. Hayatoshi kutuonyesha kabila lao.” Hapo nikaona kuwa mtoto na babu wote wawili wameanza kufikiri, na safari haijapata hata saa mbili.

Mji wa Gedi

Siku ya pili tulipanda matatu mapema, tukashuka Gede, tukaingia kwa miguu. Mji huu uko yapata maili 10 kusini ya Malindi, na maili 4 hivi kutoka baharini, ndani ya msitu. Jambo hilo peke yake ni la ajabu, maana miji mingi ya kale ya pwani yetu imejengwa ufukoni, mashua zipate kutia nanga mlangoni. Na kuna ajabu ya pili: Wareno walikaa Malindi miaka mingi katika karne ya 16, wakaandika habari nyingi za pwani hii, lakini mji huu uliokuwa karibu nao hivyo hawakuutaja kwa jina la Gedi hata mara moja.

Ukishaingia, kelele za barabarani zinakoma. Juu ya miti kima wanarukaruka, na mizizi ya miti imezikumbatia kuta kana kwamba inazizuia zisianguke. Ukuta wa nje wa mji unazunguka eneo la ekari 45 hivi, na ndani yake pana ukuta wa pili uliojengwa baadaye. Kijana mmoja wa Makumbusho alituongoza. Aliponiona na mkongojo wangu akasema, “Shikamoo mzee, tutakwenda polepole.” Nikamwitikia, nikamwambia kuwa mimi ni mwalimu lakini leo nimekuja kama mwanafunzi.

Kwanza alituonyesha kaburi lenye tarehe. Kaburi hili limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, ndio mwaka 1399 wa Masihiya. Kwa hiyo ni kama saa ya mji, kwa maana mambo mengine mengi ya Gedi hupimwa kwa kulinganishwa nalo. Kisha tukauona Msikiti Mkuu. Kibla chake kinaelekea kaskazini, na kwenye pembe ya tao moja la mlango pamechongwa mkuki wenye jani pana. Mjukuu wangu aliutazama mkuki ule kwa muda mrefu, akasema, “Huu ni kama mikuki ya watu wa huku.” Kijana akatabasamu, akasema, “Wengi husema hivyo.”

Kando ya msikiti kuna kisima kirefu. Kijana alitueleza kuwa wachimbaji waliona kisima hiki kimeongezwa kina, dalili ya kuwa maji yalikuwa yakishuka chini, nao watu wakiyafuata. Huenda hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya watu wauhame mji. Sababu nyingine zatajwa pia: mwaka 1589 Wazimba walipita pwani hii wakiua na kuteka, Wagalla, ambao leo twawaita Waoromo, walishuka kutoka kaskazini wakaishambulia miji, na mwaka 1593 Wareno waliihamishia Mombasa makao yao, na ukoo wa watawala wa Malindi ukahamia huko, ikawa nchi yote ya huku imepoa. Hata mwanzo wa karne ya 17 mji ulikuwa umekwisha kuachwa, na msitu ukaufunika. Mwaka 1884 Sir John Kirk alifika hapo, na mwaka 1927 serikali ikautangaza kuwa mahali pa kumbukumbu. Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, akaendelea kwa miaka kumi. Na mwaka 2024 Gedi ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Tukaingia katika jumba la mfalme, kisha tukazipita nyumba za matajiri. Nyumba hizi zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Bakuli la Uchina, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Taa ya Chuma. Kila nyumba ina ua wake, vyumba vyake vya kulala, ghala yake na choo chake. Mjukuu wangu alishangaa kuona vyoo. Akasema, “Babu, miaka 500 iliyopita watu hawa walikuwa na choo ndani ya nyumba, na shuleni kwetu choo kiko mbali, tena mvua ikinyesha hakiendeki.” Sikuwa na la kumjibu.

Tulipoketi kupumzika nikamwuliza kijana swali lile lile lililotutoa nyumbani. Nikamwambia, “Mwanangu, mimi nimefundisha miaka mingi kwamba mji huu ni wa Waarabu. Wewe wasemaje?”

Alinijibu kwa adabu, nami nalipenda jibu lake. Alisema, “Mwalimu, si wewe peke yako. Kirkman mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1954, aliuita Gedi mji wa Waarabu tangu katika jina la kitabu. Siku zile ndivyo wataalamu wengi walivyodhani: wakiona jiwe na chokaa husema, hii si kazi ya Mwafrika. Lakini waliokuja baadaye, na miongoni mwao Wakenya kama George Abungu na Chapurukha Kusimba, walitazama vitu ambavyo wa kwanza hawakuvijali sana.” Kisha akatupeleka katika nyumba ya makumbusho, akatuonyesha vigae. Vile vya bakuli za Uchina ni vizuri, rangi zake hazijafifia. Lakini akasema kuwa katika udongo wa miji hii vigae vya ng’ambo ni vichache, na vilivyo vingi mno ni vya vyungu vya kawaida vya udongo, vilivyofinyangwa papa hapa kwa mikono ya wenyeji.

Nikainama nikavitazama vigae vile. Vilikuwa na mistari iliyochorwa shingoni mwa chungu, mistari ya mshazari inayokutana kama miba ya samaki. Wasomaji, mimi si mtaalamu, wala siwezi kuapa kwa mistari. Lakini mama yangu mzazi alikuwa na chungu cha kuchemshia mboga, na shingoni mwake palikuwa na michoro inayofanana na hiyo. Nilisimama pale kitambo, mjukuu wangu akanivuta mkono akidhani nimechoka.

Malindi

Siku ya tatu tulifika Malindi. Kila mgeni afikaye Malindi hupelekwa kwanza kwenye mnara wa Vasco da Gama, nasi tulikwenda. Umesimama kwenye rasi, mawimbi yakiupiga mwamba chini yake. Mnara ni wa mawe ya matumbawe, na msalaba ulio juu yake ni wa jiwe lililotoka Ureno. Vasco da Gama alifika hapa mwezi wa Aprili 1498, na mfalme wa Malindi akampokea vizuri na kumpa rubani wa kumvusha hata Bara Hindi. Hapo karibu pana kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti, na Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Bara Hindi.

Lakini nalimwambia mjukuu wangu, “Umemwona mgeni. Sasa twende tukamwone mwenyeji.” Tukaenda mjini, kwenye Msikiti wa Juma, ambako kando yake yamesimama makaburi ya kale ya minara. Watu wanapita, wanauza samaki na mahamri, na minara imesimama kimya.

Nikamkumbusha kuwa Malindi haikuanza kujulikana siku alipofika Vasco da Gama. Mwaka 1415, yaani zaidi ya miaka 80 kabla yake, twiga aliyetoka Malindi alipelekwa kwa mfalme wa Uchina, Yongle. Na mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na wa Uchina waliokuwa wakichimba Mambrui, kaskazini ya Malindi, waliokota sarafu ya shaba ya zama za mfalme huyo huyo. Mjukuu wangu akauliza, “Nani aliyemkamata twiga?” Nikamwambia, “Hilo halikuandikwa. Lakini twiga haogelei kuja ufukoni mwenyewe. Lazima palikuwa na watu wa bara waliomjua twiga, na watu wa pwani waliojua bahari, na wote wawili walijuana.” Wala si twiga tu. Pembe za ndovu na ngozi zilitoka bara. Na waliozileta ni hao ambao mimi nilisema walikuwa porini.

Hapo pia niseme habari ya Mtwapa, maana nayo imo katika Kilifi yetu. Mwezi wa Machi 2023 wataalamu, na Bwana Kusimba akiwamo, walitoa matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 80 wa kale waliozikwa katika pwani ya Kenya na Tanzania, Mtwapa ikiwa mojawapo. Katika mifupa mna urithi wa asili ya mtu, ambao sasa husomeka kama kitabu. Wakaona kuwa kuanzia yapata mwaka 1000 damu za watu wa Afrika na watu wa Asia zilichanganyika. Kwa sehemu kubwa akina mama walikuwa Waafrika, na akina baba wengi waliotoka ng’ambo walikuwa Waajemi, na Wahindi kidogo. Damu ya Arabuni iliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500. Kwa hiyo masimulizi ya wazee wa Kiswahili juu ya babu zao waliotoka Shirazi hayakuwa uwongo mtupu, na wale waliosema kuwa miji hii ni ya wageni watupu hawakusema kweli. Mgeni alikuja, akaoa, akazaa, akazikwa. Mama aliyewalea watoto wale alikuwa wa hapa, na lugha waliyosema ilikuwa ya hapa.

Panga ya Saidi

Nilidhani jibu letu limekwisha kutimia, nikataka kurudi nyumbani. Lakini kijana yule wa Gedi alikuwa ametuambia, “Mwalimu, ukitaka kujua watu wa huku walikuwa wapi, usiache kwenda Panga ya Saidi.” Basi siku ya nne tulikwenda njia ya Mavueni na Kaloleni, hata tukafika milima ya Dzitsoni, nchi ya Wachonyi. Kutoka huko hadi baharini ni kilomita 15 hivi. Panga maana yake ni pango. Wenyeji hufanyia matambiko yao pale, kwa hiyo tuliomba ruhusa kwanza, tukaongozwa na mzee mmoja wa kijiji.

Ni mahali penye kivuli na ubaridi. Dari la mwamba limeanguka sehemu nyingine, mwanga unashuka ndani, na mizizi ya miti inaning’inia kama kamba. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa pamoja na wenzao wa ng’ambo walianza kuchimba hapo mwaka 2010. Waliona dalili za watu tangu miaka 78,000 iliyopita: zana za mawe, shanga za makombe na za maganda ya mayai ya mbuni. Na mwaka 2017, yapata mita tatu chini ya sakafu ya leo, walifika kwenye shimo dogo la duara, na ndani yake mna mifupa iliyolainika hata ikiguswa inakuwa unga. Wakaifunika kwa plasta, wakaichukua nzima pamoja na udongo wake, ikapelekwa Nairobi na kisha Hispania ikachunguzwe. Habari zake zilitolewa mwezi wa Mei 2021. Ni mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Katika Afrika nzima halijaonekana kaburi la mtu lililo la kale kuliko hilo. Wamempa jina la Kiswahili, Mtoto.

Mzee yule alitusimulia jinsi alivyolazwa: ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Wataalamu walitambua kwa jinsi mifupa ya mabega ilivyobana kuwa alikuwa amevingirishwa katika kitu, labda ngozi au majani. Na kwa jinsi shingo ilivyoinama, kuwa kichwa chake kilikuwa kimewekwa juu ya kitu kilichooza baadaye, mfano wa mto.

Mjukuu wangu akauliza, “Walimwekea mto?”

Mzee akasema, “Ndivyo wasemavyo.”

“Kwa nini, na hali alikuwa amekwisha kufa?”

Mzee hakujibu, akanitazama mimi. Nami, wasomaji, nilishindwa kusema. Nilikwenda nikaketi juu ya jiwe, nikajifanya nafuta miwani.

Sababu ni hii. Mimi na mke wangu tulikuwa na mtoto wa kwanza, mwanamume, aliyefariki kwa homa mwaka 1984 katika masika, naye alikuwa na umri wa miaka mitatu. Tulimzika chini ya mkorosho nyuma ya nyumba. Tulipokuwa tayari kumshusha, mke wangu alisema, “Ngojeni.” Akavua kanga yake ya mabegani, akaikunja mara nne, akamwekea chini ya kichwa. Wazee walitaka kumkataza, kisha wakanyamaza. Tangu siku ile mimi sikumtaja tena mtoto yule. Watoto wengine walizaliwa, wakakua; mkorosho ukafa, na majani yakaota. Mke wangu alikuwa akienda mwenyewe kupapalilia, nami nikimwona najifanya sikumwona. Naye ametangulia mbele ya haki miaka sita sasa, na tangu hapo hapana aliyepapalilia.

Nilimwita mjukuu wangu nikamketisha karibu, nikamwambia yote hayo mle pangoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, “Kumbe nilikuwa na baba mkubwa.” Nikamwambia, “Ndiyo.” Akauliza jina lake, nikamwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka kwa zaidi ya miaka 40.

Jibu

Jioni tulirudi nyumbani. Kesho yake, kabla ya jua kuwa kali, tulichukua jembe na panga, tukafyeka nyuma ya nyumba mpaka tukayaona mawe tuliyokuwa tumeyapanga zamani. Kisha mjukuu wangu akalileta daftari lake barazani, akaning’ang’aniza nimwambie la kuandika. Safari hii sikumpa jibu. Nilimwambia afikiri mwenyewe kwa yale aliyoyaona, nami nitasahihisha.

Nalimwonya mambo mawili. La kwanza, asiandike kwamba Mtoto wa pangoni ni Mgiriama au Mchonyi. Miaka 78,000 ni mingi mno, makabila yetu hayakuwapo, na wazee wetu wenyewe husimulia kuwa Wamijikenda walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini. Mwenye kukataa uwongo wa wengine asitunge wa kwake. La pili, neno lile “porini” alitazame upya. Kaya za wazee wetu zilikuwa ndani ya misitu, ni kweli; lakini zilikuwa miji yenye njia zake, malango yake, sheria zake na makaburi yake, na tangu mwaka 2008 baadhi yake zimo katika orodha ile ile ya urithi wa dunia ambayo Gedi iliingia baadaye. Msitu wenye kaya si pori tupu.

Aliandika kwa muda mrefu. Aliponipa, nilisoma hivi: “Mji wa Gedi ulijengwa na watu wa pwani. Mama zao walikuwa wa hapa, na baba wengine walitoka mbali. Vyungu vyao vilifinyangwa hapa. Sisi tulikuwa kaya, na tulikuwa sokoni. Na zamani sana kabla ya makabila, watu walikuwa hapa, na walikuwa wakiwapenda watoto wao.” Nilisahihisha herufi moja tu.

Wasomaji, ninayo maombi machache kwenu. Mahali hapa pote nilipopataja si mbali: mtu wa Kilifi au Malindi aweza kupafikia na kurudi kwake jioni. Walimu wenzangu, wapelekeni watoto, tena nendeni ninyi kwanza. Msiruhusu mtu kung’oa jiwe la kujengea wala kuokota kigae cha kuweka kabatini. Kigae kikishaondoka mahali pake hakiwezi tena kusema habari zake. Na ninyi wazee wenzangu, mtoto akikuulizeni “sisi tulikuwa wapi,” wekeni gazeti chini kabla ya kumjibu.

Ni mimi,
Mwalimu Mstaafu, Kilifi.